Malkia wa Kwenye Kreti

Neno malkia lina kazi nyingi. Kuna malkia wa nyuki, kuna malkia wa karata, na kuna binti wa mtu anayelala mpaka jua likaze, akiamka chai imeshatengwa. Kwenye kiwanda kile cha mikate, malkia ilikuwa adhabu. Aliyeharibu kazi alikalishwa juu ya kreti mpaka jioni, mwanamume akiitwa mfalme, mwanamke malkia, na chochote alichoagiza alifanyiwa huku anachekwa. Wengi waliagiza maji tu, wakainamisha vichwa.

Mwanamke mmoja pale, mwosha trei, roho yake yote ilikuwa kwenye tanuri. Kila alipoomba kujaribu, Mzee Moshi, mkuu wa waokaji, alimjibu vilevile: "Hili si jiko la nyumbani kwako, mama." Yalimuuma maneno hayo, tena sana.

Siku moja wakamwita asaidie kukanda, naye akasahau chumvi. Mikate ikatoka haina ladha.

"Malkiaaa!" Wakamkalisha kwenye kreti, wakamvika mfuko mtupu wa unga kichwani. Mzee Moshi akapiga goti kwa mbwembwe. "Tupe amri, Malkia!"

Machozi yalikuwa karibu. Akayameza, akajiweka sawa kwenye kreti yake.

"Nipisheni kwenye tanuri. Leo naoka mimi."

Kicheko kikakatika. Mzee Moshi akasimama huku akijipangusa goti. "Aa, mama, huu ni utani tu."

"Mzee," akadakia mpakiaji mikate, "mchezo umeuanzisha mwenyewe. Malkia kasema."

Mzee akavua glavu zake shingo upande.

Mwanamke akazivaa, zikampwaya. Akatupa unga kidogo ndani ya tanuri kupima moto, akautazama unavyobadilika rangi, akangoja. Waokaji wakaanza kumshauri, huyu hivi, yule vile.

"Hebu ninyamazieni! Malkia yuko kazini."

Mikate ikatoka imeumuka vizuri, rangi yake ya kahawia, harufu ikafika mpaka barabarani. Mzee Moshi akamega, akatafuna, akamega tena. Glavu hakuzidai.

Kesho yake mwanamke hakuwa na adhabu yoyote. Alisimama mbele ya tanuri, akaagiza aletewe trei ya kwanza.

"Ndiyo, Malkia," akaitika Mzee Moshi, akaibeba mwenyewe, na safari hii hakuna aliyecheka.