Ukuta wa Mwisho wa Mwalimu Timazi

Baba yangu alijenga ukuta mlangoni, yeye akiwa ndani.

Sio msemo. Namaanisha tofali juu ya tofali, kutoka kizingiti mpaka kwenye linta, ile boriti ya juu ya mlango, na mzee wa watu yumo ndani ya darasa la uashi peke yake.

Ilikuwa siku ya kufunga chuo chetu.

Nivumilieni nieleze kidogo, maana bila kukijua chuo mtadhani baba alichanganyikiwa.

Chuo kile wanakijiji walikijenga wenyewe. Wanaume walifyatua na kuchoma tofali, wanawake wakapandisha maji kutoka mtoni, na wanafunzi wa kwanza walijifunza uashi kwa kujenga darasa watakalosomea. Baadaye wakajenga bweni, karakana ya useremala, halafu chumba cha ushonaji nilichokuja kufundishia mimi.

Ukisimama uwanjani ulikuwa unauona umri wa chuo kwenye kuta. Za kwanza zimepinda kama meno ya mtoto. Za baadaye zimenyooka hadi raha.

Aliyezinyoosha ni baba. Wanafunzi walimwita Mwalimu Timazi, kwa ile kamba yenye uzito ambayo mwashi huning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Mzee hakuwa na dogo. Ukiegemea upande mmoja tu, anakuuliza unaangukia wapi.

Sasa, darasani kwake kulikuwa na utaratibu. Kuta za mazoezi zilijengwa kwa udongo mtupu, bila saruji. Akishakagua na kutoa maksi, aliyejenga anabomoa kwa mikono yake, anasafisha matofali, anayapanga kwa kazi ya kesho.

Aliyejenga ndiye anayebomoa. Kugusa ukuta wa mwenzako lilikuwa tusi zito. Baba aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kosa hilo, na kijiji kizima kikasema sawa kabisa.

Basi. Wanafunzi wakapungua mwaka hadi mwaka, vijana wakakimbilia chuo kikubwa cha mjini, na wakubwa wakaamua chetu kifungwe, majengo yawe maghala. Afisa akaja asubuhi kupokea funguo.

Tukazunguka naye chumba kwa chumba, nyuma yetu kijiji kizima. Kufika darasa la uashi, mlango hakuna. Vidirisha vya juu vimefungwa kwa ndani.

Afisa akacheka. "Jamani, mlango mmeuweka wapi?"

Sauti ikajibu kutoka ndani. "Nani kakwambia hapa pana mlango?"

Nikausogelea ukuta. "Baba?"

"Naam, mama." Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Unafanya nini humo? Toka twende nyumbani."

"Niko kazini. Hakuna wa kunifungia darasa kabla sijamaliza kipindi changu cha mwisho. Ukuta huu nitaubomoa mwenyewe kabla jua halijazama. Hapo ndipo mchukue funguo zenu."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Moyo wa baba ulikuwa mgonjwa, na vidonge vyake vya asubuhi nilikuwa nimeviacha nyumbani juu ya kabati, havijaguswa. Nilidhani katoka kwenda kunywa chai kwa jirani.

Nikamvuta mkuu wa chuo pembeni. "Tuubomoe. Ni udongo tu huo."

Akaniangalia kama nimemvua mzee nguo hadharani. "Ukuta wa Mwalimu? Nani aubomoe?"

Nikawageukia wanafunzi wake wa zamani. Mafundi wazima, wengine wana mvi, wamejenga nusu ya nyumba za kijiji. Kila mmoja akatazama viatu vyake.

Haya, nikasogea mwenyewe. Bibi Ndoo akanidaka mkono. Bibi huyu alipata jina hilo kwa kubeba maji ya kujengea chuo, na neno lake pale lilikuwa halirudishwi.

"Mwanangu, usimvunjie baba yako heshima mbele za watu."

"Bibi, anaumwa."

"Mgonjwa gani anapandisha ukuta mpaka linta? Kasema atatoka. Muache amalize."

Nikakaa. Roho inaniuma, lakini nikakaa.

Afisa naye akatafutiwa kiti kivulini. Watu wakaanza kusimuliana habari za chuo, nani alitoroka bweni, nani alioana na nani karakanani. Ilikuwa kama harusi. Mimi kila baada ya muda naita, "Baba, uko sawa?"

"Niko timazi!" Uwanja mzima unaangua kicheko.

Mchana ukapinda. Nikaita tena, kimya. Nikaita kwa nguvu.

Halafu tukasikia. Ko. Ko. Ko.

Mlio ule kila mtu pale aliujua. Ni mpini wa mwiko, mwashi anagonga tofali likae sawa. Watu wakashangilia. "Mzee bado anapanga!" Bibi Ndoo akanibonyeza kiuno: "Umesikia? Baba yako chuma."

Na mimi, jamani, nikapumua. Nilitabasamu kabisa.

Ko. Ko.

Kisha ukakoma. Wakasema kapumzika, ni mtu mzima.

Jua likashuka, hakuna tofali lililotikisika. Nikawa nautazama ukuta ule tu. Ndipo akili ikanijia.

Ukuta ulikuwa umefika linta tangu asubuhi. Hapakuwa na nafasi ya tofali lingine hata moja. Na ule mlio haukutoka juu anakofanyia kazi mtu aliyesimama. Ulitoka chini kabisa, karibu na kizingiti.

Sikumuuliza mtu. Nikang'oa tofali la juu, nikang'oa la pili, nikaendelea mpaka nikaweza kuingia. Yalitoka kirahisi kama sahani kabatini.

Baba alikuwa amelala sakafuni, ubavu umegusa ukuta, mwiko mkononi. Mkono wenyewe ulikuwa umeshapoa.

Mzee alikuwa anatugongea tumsaidie. Sisi tukampigia makofi.

Tulimzika. Majengo yakawa maghala kama walivyopanga, na siku magunia ya kwanza yanaingia hakuna aliyenyanyua mdomo. Bibi Ndoo hupita kwangu kila jioni, anakaa, anaondoka. Simlaumu. Alinizuia kwa kumpenda baba.

Ila wewe unayesoma hapa, kama una mzee anayesema "niacheni, nitaweza mwenyewe", usikae nje ukaita hiyo heshima. Ingia. Vunja kama ni kuvunja. Atakufokea, atakuita mtoto asiye na adabu.

Acha akufokee. Mimi leo ningetoa chochote nifokewe na baba.