Chuo Kisichokuwamo Kwenye Orodha

Marehemu alikuwa na swali moja lililojulikana kwenye kaunta zote za mji ule. Kwa mpiga fotokopi, kwa muuza miwani, kwenye dirisha la tiketi za basi, alitoa kitambulisho cha chuo kabla hajatoa pesa, akatabasamu na kuuliza: "Mimi ni mwanafunzi. Kuna punguzo?"

Wakisema lipo, alishukuru. Wakisema hakuna, alishukuru vilevile na kulipa bila kununa. Hakubembeleza wala hakuuliza mara ya pili. Wenzake chuoni walimbatiza jina la Punguzo, na jina likamganda hata nyumbani. Mama yake mwenyewe, aliyekuwa akifanya usafi kwenye zahanati, alimwita hivyo akiwa na furaha.

Aliyemtania kuliko wote alikuwa kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma.

"We mtoto, namwonea huruma malaika wa mlangoni," alimwambia siku moja karakanani. "Utamtolea kitambulisho hata yeye!"

"Kule hawauzi, Kaka. Kule wanakaribisha."

Kaka alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Lakini alijua vizuri swali lile lilikotoka. Ada ya chuo ilitoka kwenye mageti na madirisha aliyoyachomelea yeye, na kila jioni alirudi macho mekundu yanayochuruzika machozi. Mtu akimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Ni macho ya fundi tu." Siku Punguzo alipopata nafasi chuoni, alipiga magoti akasali, akainuka, akamwendea kaka yake. "Ada lipa wewe," alisema. "Vingine vyote niachie mimi na Mungu wangu." Na neno la Punguzo likishatoka, lilikuwa limetoka.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, nyuma ya kiwanda cha mbao, na vumbi la msumeno lilitua juu ya madawati mchana kutwa. Alisomea uchoraji wa ramani za majengo. Kompyuta za chuo zilikuwa chache, na zilizokuwepo zilizimika zenyewe zilipojisikia, kwa hiyo alijinunulia moja iliyokwisha tumika, imeng'oka vibonye vya herufi mbili. Akaweka humo programu ya kuchorea ambayo kampuni yake iliruhusu mtu kuijaribu bure kwa muda.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kuchora ramani kamili ya jengo moja. Wengi walichora hoteli na maghorofa. Punguzo alichora zahanati. Alikuwa akimpelekea mama yake chakula pale tangu mdogo, akaona jinsi kitanda cha magurudumu kilivyokwaruza fremu za milango kila kilipopita. Katika ramani yake milango ilikuwa mipana. Na nyuma, karibu na bomba, aliweka chumba kidogo chenye sinki la chini la kujazia ndoo, kwa sababu hakuna mchoraji aliyewahi kumkumbuka mama yake, na miaka yote hiyo aliinua ndoo zilizojaa mpaka kiuno kikamsaliti.

Mwezi mmoja kabla ya kukusanya kazi, muda wa kujaribu ukaisha. Alifungua kompyuta asubuhi, akakuta zahanati yake imefungiwa. Kuifungua ilibidi kulipia. Bei ya kawaida haikusemeka, ilikuwa mageti kadhaa ya kaka yake. Pembeni palikuwa na bei ya wanafunzi, ndogo kabisa, ambayo angeimudu kwa akiba yake. Alicheka peke yake. Swali lake limejibiwa kabla hajauliza!

Akabonyeza. Wakamwambia achague chuo chake kwenye orodha. Akaandika jina la chuo. Hakuna. Akaliandika upya, polepole, akibonyeza kwa ukucha zile herufi zilizong'oka. Hakuna. Vyuo vya dunia nzima vilikuwemo, chake hakimo.

Mwenzake wa chumbani, waliyemwita Bi Harusi kwa sababu hata kwenda bafuni alijipodoa, alikuwa kitandani akipaka rangi kucha.

"Shoga, hilo nalo la kukuumiza kichwa?" alisema. "Binamu yangu yuko chuo kikuu. Nampigia sasa hivi, atupe kitambulisho na barua pepe yake. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyotumia, na nusu ya darasa."

"Kwa jina lake?"

"Sasa kwa jina la nani? La malaika?"

"Hapana, asante. Mimi si mwanafunzi wa kule."

"Punguzo, hivi unadhani Mungu ana muda wa programu za kompyuta?"

"Ana muda na mimi," alijibu. "Kila siku nasimama mbele za watu nasema mimi ni mwanafunzi. Ni kweli. Ndiyo maana sioni aibu. Siku nitakayosema uongo, sitauliza tena."

Bi Harusi alipuliza kucha zake. "Haya, mtakatifu. Utakusanya karatasi nyeupe."

Punguzo aliandikia kampuni. Wakajibu kwamba chuo kitaingizwa, mradi ofisi ya chuo itume maombi rasmi, na wanafunzi wake wawe na barua pepe zenye anwani ya chuo chenyewe. Hapo ndipo alipogonga ukuta. Chuo kilikuwa na tovuti, lakini barua pepe za wanafunzi hazijawahi kutengenezwa. Na wa kuzitengeneza alikuwa mwalimu wa kompyuta, ambaye wanafunzi walimwita Kesho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo barua pepe? Njoo kesho."

Alikwenda kesho yake, na kesho ya kesho. Mwalimu alikuwa na kikao, mara ana mgeni, mara chaja imepotea. Punguzo hakugomba. Alichukua kiti akakiweka nje ya mlango wa ofisi, akatandaza karatasi kubwa mapajani juu ya ubao, akaanza kuichora zahanati upya kwa penseli na rula, chumba kwa chumba, asije akaisahau. Waliopita walimcheka.

"Punguzo, umefungua ofisi?"

"Ndiyo, na wanafunzi nawapunguzia. Karibu!"

Hatimaye mwalimu alichoka kumruka mlangoni.

"Binti, wewe unataka nini kwangu?"

"Barua pepe, Mwalimu. Si yangu tu. Zetu sote."

"Unajua wanafunzi wako wangapi? Ni majina mangapi hayo?"

"Nitakusomea majina, wewe uandike. Ukichoka tunabadilishana."

Mwalimu alitazama ukumbini, akarudisha mlango, akashusha sauti. "Nikwambie kweli? Sijawahi kuifanya kazi hiyo. Nilipoajiriwa walidhani naijua, nami nikanyamaza. Nikiharibu, tovuti nzima inaanguka."

Punguzo alimtazama akamwona mtu mwenye hofu, na ile hasira aliyokuwa ameimeza siku zote ikayeyuka. "Basi tutafute maelekezo, tujaribu jina moja kwanza. Tuanze na langu. Likiharibika, limeharibika la kwangu. Tusali kidogo?"

"Tusali, mwanangu. Hapa tunahitaji."

Walisali, wakaanza. Mara mbili tovuti ilitoweka na mwalimu akashika kichwa, na mara mbili wakairudisha. Jina la Punguzo lilipokubali, mwalimu alipiga meza kama aliyefunga goli. Siku zilizofuata Punguzo alimsomea majina yote, darasa kwa darasa, mpaka sauti ikakauka. Mkuu wa chuo akatia saini maombi, yakatumwa.

Kisha kimya. Wiki ikapita. Bi Harusi alikwisha maliza hoteli yake ya ghorofa tano. Mwalimu wa michoro alikwisha sema wazi kwamba cha penseli hapokei. Punguzo aliendelea kuchora kwa penseli. Mama yake alipopiga simu kuuliza kazi inaendaje, alisema, "Inakwenda, Mama. Niombee tu," akakata upesi sauti isije ikamwangusha.

Zilipobaki siku chache za kukusanya kazi, alifungua kompyuta bila matumaini makubwa, akaandika herufi za mwanzo za chuo chake. Jina likatokea. Jina lote, chuo kidogo cha nyuma ya kiwanda cha mbao, katikati ya vyuo vikubwa vya dunia.

"Bi Harusi! Amka!"

"Kuna moto?"

"Tumo! Tumo kwenye orodha!"

Bi Harusi alisogea, akatazama. Halafu akasema taratibu, "Shoga, hebu nielekeze. Nataka niingie kwa jina langu."

Punguzo akalipa kwa akiba yake, zahanati ikafunguka. Vipimo vyote alikuwa navyo kwenye karatasi, kwa hiyo yaliyobaki aliyahamisha tu, akakusanya kazi yake siku ya mwisho, milango mipana na chumba cha ndoo kikiwemo. Kaka yake hakuongezewa hata senti juu ya ada.

Alifanya kazi kwa mkandarasi mmoja kwa muda mfupi kuliko tulivyotamani. Ugonjwa ulimjia haraka, naye akaondoka kwa amani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Mwenyezi Mungu ndiye aliyempa, na kwake amerejea. Tunalia, lakini hatubishani naye.

Mwaka huu binti wa fundi ameingia chuo kilekile. Jioni moja alikaa karakanani na kompyuta ya shangazi yake, ile ya herufi mbili zilizong'oka, akitafuta bei ya wanafunzi.

"Baba, wanataka nichague chuo. Kitakuwemo kweli, chuo chetu kile?"

"Andika."

Aliandika. Jina likatokea. "Kimo!" alisema, akageuka. "Baba? Mbona unalia?"

Fundi alikuwa hajashika kazi tangu asubuhi, na mashine ilikuwa imezimwa.

"Ni macho ya fundi tu, mwanangu," alisema. "Bonyeza."