Dalali Aliyeshindwa Kungoja Nusu Saa

Ofisini walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa. Simu alizungumza akitembea, toka dirishani hadi kabati la mafaili na kurudi, mpaka zulia likachakaa mstari mmoja. Chai yake ilipoa mezani kila siku. Kusema kweli, kumtazama tu kulichosha.

Kampuni aliianzisha baba yake, chumba kimoja juu ya duka la misumari. Mzee alikuwa dalali wa meli: mwenye mzigo akimtafutia meli, mwenye meli akimtafutia mzigo. Katika kazi hiyo makubaliano hufungwa kwa mdomo. Karatasi hufuata baadaye. "Ukishasema ndiyo, umesema," alimfundisha binti yake tangu akiwa na sare ya shule. Miaka ikaenda, mzee naye akatamani kuwa na chake. Akanunua meli moja kuukuu, akamkabidhi mwanawe wa kiume aisimamie. Meli yenyewe ilikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza, lakini ole wako useme mbele ya mzee.

Mwaka huo injini ikagoma kabisa. Benki ikasema waziwazi: mwezi ukiisha bila mzigo, meli iuzwe. Kaka akahamia bandarini na mafundi. Kiguu na Njia akawa roho juu, anampigia kila saa.

"Bado?"

"Bado, dada. Wiki mbili hivi. Hebu tuache tufanye kazi!"

Jumanne asubuhi ukaja mzigo wa saruji, wa kuondoka kesho yake. Angeweza kuvuta muda kidogo, mwenye saruji hakuwa na neno. Lakini kungoja hakukuwamo katika damu yake. Akampigia nahodha mmoja mgeni, mwenye meli yake mwenyewe. "Mzigo ni wako," akamwambia. "Ndiyo, kapakie."

Nusu saa baadaye kaka akapiga, sauti imempanda kwa furaha: injini imewaka!

Mzee, aliyekuwa akisikiliza pale ofisini, akainuka kitini. "Mpigie yule mgeni. Mwambie mzigo umeahirishwa."

"Baba, nimeshamwambia ndiyo."

"Kwani umemwandikia kitu?"

"Sisi lini tumeandika kwanza?"

"Ungekaa kitako nusu saa tu, mwanangu! Nusu saa!"

Maneno yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Akazunguka chumba mara tatu, lakini simu hakuigusa. Saruji ikaondoka na mgeni.

Mwezi ukaisha, mzigo mwingine haukupatikana. Mtu aliyetaka kuinunua meli yao akapiga simu. Mzee akamsikiliza, kisha akaufunika mkonga wa simu kwa kiganja.

"Anakutaka wewe," akamwambia binti yake, bila kumtazama. "Anasema kwako hahitaji kungoja karatasi."

Kaka alikuwa mlangoni, grisi bado mikononi. Kiguu na Njia akapokea simu. Alitaka kusema hapana, alitaka kwa moyo wake wote.

Akasema ndiyo.