Amulen na Swali la Wanawake Waliofia Njiani

Mwaka ule wa 1974, mgeni akikuuliza jambo pale Dabani, karibu na mpaka wa Kenya, ulimtazama viatu kwanza, ndipo umjibu. Watu wa usalama wa serikali ya kijeshi, waliokuwa wakikamata watu mchana kweupe na kuwatia kwenye buti za magari, walivaa viatu vya soli nene na visigino virefu, na kazi yao hiyo nao waliiita utafiti. Kwa hiyo Daktari Okware alipomwambia Amulen, mkunga wa zahanati, kwamba wanaanza utafiti, mama yule alishtuka.

"Daktari, tafuta neno lingine," alisema. "Hilo limeshaoza."

Okware alicheka. Alikuwa kijana wa Tororo, aliyemaliza masomo wakati madaktari wengi wakifunga mizigo na kuikimbia nchi. Wakubwa walikuwa wakisema redioni kuwa akina mama wanakufa wakijifungua kwa sababu ya ujinga wa vijijini, na kwamba wakunga wa kienyeji wapigwe marufuku. Okware hakukubali. Kabla ya kubadili kitu, alisema, waulizwe waliokuwepo mama alipokufa.

Aliyefaa kuuliza ni Amulen. Alikuwa mjane wa Kiteso, mwenye sauti ya chini, na nusu ya watoto wa Dabani walipokewa na mikono yake. Basi akatembea kijiji kwa kijiji mpaka Sikuda, akikaa jikoni na wakwe wa waliokufa, akiwauliza marehemu alishikwa na uchungu lini, alibebwa na nini, alikata roho wapi. Majibu yakaanza kufanana, na kufanana huko kukamtisha. Wengi hawakufia mikononi mwa mkunga. Walifia kwenye kizuizi cha wanajeshi, barabara ya kwenda hospitalini.

Nyumba aliyoiacha iwe ya mwisho ilikuwa ya shemeji yake Edeku. Marehemu mkewe, Agwang, ndiye mdogo wake Amulen wa tumbo moja. Amulen mwenyewe alimpakia kwenye baiskeli akitokwa damu, na tangu siku ile aliamini kwamba alichelewa kumtoa.

"Hukuchelewa, dada," Edeku alisema, akitazama chini. "Tulifika kizuizini jua bado la asubuhi. Akaongea, akaomba maji. Wakatuambia tukae tungoje mkubwa wao. Tukakaa mpaka ng'ombe wakarudi zizini."

"Mbona hukuniambia?"

"Walisema nikifungua mdomo watanifuata."

Amulen alirudi zahanati, akamweleza Okware yote. Kisha akamsihi asitaje kizuizi. Aseme tu njia ni ndefu, aombe gari la wagonjwa.

"Nikiomba gari, gari nalo litasimamishwa palepale," Okware alijibu. "Ukweli ukikatwa mguu, Mama, hautembei."

Akaenda Tororo kwenye mkutano wa wakubwa wa afya, akasema kila kitu mbele za watu. Waliokuwepo walisimulia kwamba mtu alikohoa, mkutano ukafungwa. Okware alionekana akitembea kuelekea gari lake, na watu wawili kando yake. Hakuonekana tena. Loy, mkewe, alizunguka kambi zote za jeshi na chakula kwenye kapu, akirudi nacho kimechacha.

Haikupita muda, gari likasimama mbele ya zahanati siku ya kliniki ya wajawazito. Aliyeshuka, mwenye viatu vya visigino virefu, alivua miwani, akaita jina la Amulen, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Wewe nani natuma wewe kuhesabu watu nakufa?"

Kabla Amulen hajajibu, Felistus, kikongwe aliyemleta mkwe wake, alijikongoja akasimama.

"Kuhesabu? Huyu anatuuliza habari za tumbo, mwanangu. Mimi aliniuliza kondo la nyuma lilitokaje. Nikueleze? Lilikataa kutoka, likaanza kunuka..."

Mwingine akadakia habari ya usaha, mwingine habari ya matiti yaliyopasuka, kila mmoja akipaza sauti kuliko mwenzake. Yule bwana alirudi nyuma hatua kwa hatua, uso umemkunjamana. Akaingia garini. Lakini kioo kilishuka, naye akamtazama Amulen kwa utulivu.

"Sisi nakuja tena."

Hakuna aliyecheka. Amulen aliwapima wanawake waliobaki, kisha akashika njia ya Busia, mji wa mpakani, kwa Hajarah, mjane wa msafirishaji, mwenye ghala tupu uani tangu biashara ilipokufa.

"Wajawazito wangojee hapa kabla uchungu haujaanza," alimwambia. "Mambo yakiharibika tunavuka nao vichochoroni mpaka upande wa Kenya. Kizuizi hatukigusi."

Hajarah alichungulia barabarani. "Na wakiuliza?"

"Useme ni wake wa shemeji zako."

"Basi nitakuwa na shemeji wengi," Hajarah alisema, akaanza kutoa magunia.

Wanawake wakaanza kuja, mmoja mmoja, na mikeka yao. Atim wa Kisoko alikuwa miongoni mwao. Mtoto wake alipokaa vibaya tumboni, Amulen alimvusha kupitia mashamba ya mihogo, wakafika hospitali ya upande wa pili akiwa hai. Walipokuwa huko, Hajarah alituma neno: wale watu wamerudi zahanati, wamevunja mlango, wanakujua kwa sura. Usirudi.

Amulen alikaa ugenini miaka, akiuza mboga sokoni, akisikia kwa wavukaji kwamba ghala halijafungwa na kwamba wajawazito wa Dabani hawafi tena kama zamani. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1979, alirudi kwa miguu. Kizuizi kilikuwa kimebaki mapipa mawili yenye kutu.

Loy, mkewe Okware, alimkuta kwa Hajarah wiki ileile. Hakutaka chai wala kiti.

"Mama, uliwaokoa wengi, nasikia," alisema. "Mimi nionyeshe tu mahali walipomweka."

Amulen alimshika mikono yote miwili. Hakuwa na la kumwonyesha.