Mama Kohoa

Muuguzi wa zahanati yetu tulimwita Mama Kohoa, na mwenyewe aliitika. Siku za kupima kifua kikuu alitandika meza nje ya zahanati, penye upepo, akapanga vikopo vya makohozi. Wengi wetu tulitema mate tu. "Haya ni mate, baba, kabandikie stempu!" alisema. Kisha alisogea pembeni, akashusha barakoa, akashika kiuno, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akakohoa kutoka tumboni, akatema kikoponi na kutuonyesha. Sisi wa benchini tulikuwa hatuna mbavu.

Juzi alikohoa vilevile, ila kikohozi hakikukatika. Akashika ukingo wa dirisha la zahanati. Tukazidi kucheka, tukidhani anatutania. Alipoinua kikopo kutuonyesha, kama kawaida yake, mkono uliganda hewani. Ndani mlikuwa na damu. Tukabaki tumekodoa macho, mmoja wetu bado ana kicheko mdomoni. Alikifunika taratibu, akakikaza kifuniko, akapandisha barakoa.

"Mmeona?" akasema, kwa sauti ileile ya kufundisha. "Haya sasa ndiyo makohozi."

Akaja kukaa mwisho wa benchi letu. Nasi wakohoaji wenzake, bila kuambiana, tukasogea mbali naye.