Nimefukuza Samaki Wangu Mwenyewe Gotu

Leo nimefukuza samaki wangu mwenyewe, tena kwa adabu.

Wiki nzima nimeuliza watu. Mvua imeisha, kambare wameshataga, sasa wako wapi na wanataka nini?

Mmoja akasema maini. Mwingine minyoo. Jirani yangu akaapa ni kipande cha sabuni.

Nikabeba vyote vitatu hadi mtoni Gotu. Nikachagua mahali penye kina na kivuli, nikatupa ndoano.

Kimya.

Saa tatu hivi akaja Mama Halima, mfugaji wa hapa, na ng'ombe wake. Wakaingia majini pale pale mbele yangu. Matope, mavi, kelele.

"Salaam aleikum, mama. Tafadhali nyweshea huko chini, unanifukuzia samaki."

Hakubishana. Akawaswaga mpaka kwenye kona ya mto.

Nikabadilisha chambo hadi mikono ikanuka maini na sabuni pamoja. Hakuna hata aliyeonja.

Halafu akaniita kutoka huko chini. "Mwalimu, kuja uchukue samaki yako. Inasumbua ng'ombe yangu."

Nikakimbia.

Kambare walikuwa wamejaa miguuni mwa ng'ombe, wanagombania mavi, migongo iko nje ya maji. Kabla sijatupa ndoano, ng'ombe wakashiba maji, wakatoka. Kambare nao wakapotea.

"Kila siku wanafuata ng'ombe," akasema huyu mama ambaye hajawahi kuonja samaki maishani. "Uliponifukuza, nikajua umekuja tu kupumzika."

Sasa nawauliza nyinyi, bila utani. Nani ana ng'ombe wa kuniazima Jumamosi?

Wawe na kiu.