Shavu la Dufie

Dufie alikuwa hodari wa kupaka seli rangi kuliko wale wenye shahada ndefu, na nasema hivi wasikie. Miaka kumi na mmoja nilimwoshea vyombo katika maabara hapa Kumasi, na sikumwona akiharibu hata kioo kimoja cha kuwekea seli.

Kazi yake ilikuwa kutazama kiini cha seli. Kiini kina utando wa nje na utando wa ndani, na kuna protini moja ambayo makao yake ni huo wa ndani. Haiundwi humo. Huundwa nje, hujipachika kwenye utando wa nje, huteleza hadi ukingo wa kitundu na kupenya. Ikishafika ndani hukamatwa na nyuzi zilizotandwa humo, na hapo hukaa ikikishikilia kiini kisiumie kila msuli unapojikaza. Dufie alinieleza hayo nikiwa na povu mpaka viwikoni. "Mjomba Badu, kufika mlangoni si kuingia," akaniambia. Ukiipaka rangi, kila kiini huvaa pete ya kijani. Nilizitazama mara nyingi, na kwa kweli zinapendeza.

Kaka zake wawili walikufa kabla ya kufika miaka thelathini. Wote walianza kwa viwiko kukataa kunyooka, visigino vikapanda, kisha siku moja moyo ukazima. Sasa ilikuwa zamu ya Nyarko, mwanawe wa pekee, mwenye miaka kumi na saba. Mchi wa kutwangia fufu, chakula chetu cha mihogo na ndizi, ulikuwa umemshinda, na wenzake walimwita Jogoo kwa kutembea kwa ncha za vidole. Hospitali ilisema moyo wake unapiga polepole mno, awekewe kifaa cha kuusukuma wiki hii hii. Nafasi ilipatikana, lakini Nyarko akakataa.

Alikataa kwa sababu Mzee Sarpong, mkuu wa ukoo, alikuwa ametamka kwamba Bibi Foriwaa, mama yake Dufie, ndiye anayewala kwa uchawi. Kwetu Waasante mchawi hali mtu wa nje ya ukoo wa mama yake, na waliokufa wote ni wa tumbo la bibi huyo. Jumapili angekiri mbele ya ukoo, kijana afunguliwe, kisha yeye afukuzwe nyumbani. Nyarko akaambiwa kwamba chuma kikitangulia kuingia kifuani, uchawi utafungiwa humo humo. Akaamini. Na mimi katika umri wake ningeamini, maana nani anataka kupasuliwa?

Jumatano bibi alikubali kukiri. Dufie alinisimulia akilia juu ya beseni langu. "Anasema kama uongo wake utamponya mjukuu, atausema."

Basi Alhamisi, ili aonyeshe kwamba kilichokosekana ni protini ile, si uchawi, Dufie akamkwangua Nyarko ndani ya shavu kwa brashi ndogo. Kupima hivyo kunahitaji seli za mtu mwenye afya za kulinganishia, na desturi ya maabara yetu ni kwamba anayepaka rangi hutoa shavu lake mwenyewe. Akajikwangua. Nilikuwepo, ningeweza kutoa langu, lakini haikutupitia akilini.

Ijumaa asubuhi akainamia darubini. Seli za Nyarko zilikuwa na viini vitupu, hakuna pete hata moja. Hilo alilitarajia. Akaweka kioo cha seli zake mwenyewe. Kiini kimoja kilikuwa na pete, jirani yake hakina, kingine kina, kingine hakina. Akasema rangi imeharibika. Akarudia, yakawa yale yale. Mara ya tatu akachukua shavu langu, na mimi mzee nisiye na faida nikatoka na pete kila mahali. Dufie akaketi sakafuni.

"Mjomba, ni mimi niliyempa."

Mwanamke, alinieleza, ana nakala mbili za maagizo ya protini hiyo. Moja ikiwa mbovu, baadhi ya seli hutumia ile nzima, naye huishi. Mtoto wa kiume ana moja tu, na ameipata kwa mama yake.

Jumamosi tulikwenda kwa Bibi Foriwaa na picha zile. Tulimkuta akichambua chikichi za supu ya mawese. Dufie alikuwa na furaha ya kusikitisha. Akamwambia mama si uchawi, ni ugonjwa wa damu yetu, usikiri. Bibi akazitazama picha, akauliza wanawe waliupata kwa nani.

Nikatamani nizichane picha zile.

"Kwako, Mama," Dufie akasema. "Hukujua."

"Basi ni kweli," bibi akasema. "Niliwaua."

"Na mimi nimempa Nyarko."

Bibi akanyoosha mkono uliojaa mafuta ya mawese, akamshika binti yake shavuni. Nililia bila aibu.

Jumapili ukoo ulikaa uani, Nyarko katikati. Wengi wangeona heri mchawi mmoja kuliko ugonjwa wa wote, maana wachumba huuliza habari za damu kabla ya kuoa. Mzee Sarpong akampa bibi ruhusa ya kusema, naye akamgeukia mjukuu wake.

"Nyarko, moyo ulio nao ni mbovu, na umetoka kwangu. Niliwapa wajomba zako, nikampa mama yako akupe wewe. Hata nikikiri mpaka jioni hautabadilika."

"Umekiri," akasema Mzee Sarpong. "Ondoka."

"Nitaondoka. Lakini huyu anakwenda hospitali sasa hivi."

Nyarko akauliza, "Bibi, kwa hiyo hakuna wa kunifungua?"

"Hakuna, mume wangu. Simama twende."

Kijana akasimama kwa ncha za vidole, akalia kama mtoto mdogo, akamfuata hadi kwenye teksi. Nikaenda kumchukulia bibi nguo zake chumbani. Zilikuwa tayari kwenye mfuko mlangoni, zimefungwa tangu Jumatano, alipodhani atakwenda kusema uongo.